Kisutu cha Siwema

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, siku niliyotoa kapu zima la kambare wa kubanika nikapewa nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na sita hivi. Sina hakika, maana zamani hizo hakuna aliyetuandika tulipozaliwa. Kaa vizuri unisikilize. Najua mnanicheka kwamba Bibi anashuku kila kitu, anageuza kila gauni ndani nje kabla hajalisifia, anauliza limetoka wapi na lilikuwa la nani. Leo nitakueleza tabia hiyo niliipata wapi.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetupitia, na msimu mmoja wa mpunga ulikuwa umeshakwisha tangu vipite. Tulikaa karibu na mto Kilombero, si mbali na panapoitwa Lipangalala leo. Askari wa Mjerumani walikuwa wamechoma nyumba na maghala yetu, nasi tulijificha kwenye matete wiki nyingi, tukila mizizi na konokono. Tuliporudi hatukuwa na chakula wala nguo. Mimi nilivaa kipande cha gome la mti kilichopondwapondwa mpaka kikalainika, nacho kilinikwangua mapaja nikitembea. Wenye bahati walibaki na kaniki iliyochakaa. Hata mafuta ya nyonyo tuliogopa kuyapaka, kwa sababu ile dawa ya maji ilisemekana ilichanganywa na nyonyo, na askari akikuona unang'aa mwili aliweza kukushika na kudai umekunywa dawa. Msichana asipake mafuta! Tulikuwa na ngozi za kijivu kama majivu ya jikoni, mwanangu.

Lakini lililokuwa baya kuliko ngozi ni macho ya watu. Kijiji kizima tulikuwa tunachunguzana. Nani aliwaonyesha askari maghala yalipofichwa? Kwa nini nyumba ya fulani iliungua nusu tu? Mtu akinenepa kidogo, watu waliuliza anakula nini na anakipata wapi. Akipata nguo, waliuliza zaidi.

Siku hiyo basi akaja mchuuzi mmoja, mgeni, mwenye furushi mgongoni. Alitokea njia ya milimani, upande wa Mbingu, akasimama kwenye uwanja wetu akafungua furushi lake juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na marekani zilizokwisha kufuliwa mara nyingi, kanzu moja isiyo na mkono, shanga, na kisutu, ile nguo ya kujifunga ya maharusi. Mwanangu, kile kisutu kilikuwa chekundu, kina mistari myeusi na myeupe pembeni, nacho hakikuwa kimepauka sana. Nilipokiona nilijiona mwenyewe nimekivaa, nimesukwa nywele, nimepakwa mafuta, ninakwenda mtoni na watu wote wanageuka.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea katika nyumba ya baba baada ya mama kufa. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alikichukua kile kisutu, hakuangalia rangi. Alikipeleka puani akakinusa mahali panapokaa kwapani na penye pindo, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono. Pembeni palikuwa na kiraka kidogo kilichoshonwa kwa uzi mweusi uliochomolewa kwenye kaniki, mishono imepita msalaba msalaba, midogo na ya uangalifu.

"Mwenyewe yuko wapi?" Shangazi akamuuliza mchuuzi.

"Mwenyewe aliuza," mchuuzi akajibu.

"Nimekuuliza yuko wapi."

Mchuuzi akageuza uso, akaanza kupanga shanga zake. "Huko milimani. Mama, mimi ninabadilishana na watu wengi. Mnataka au hamtaki?"

Shangazi akaniambia tuondoke. Nilimfuata mpaka nyumbani, nikasubiri aingie shambani, nikabeba kapu la kambare tuliowabanika siku tatu, nikarudi mbio kwa mchuuzi. Ndivyo nilivyokipata. Shangazi aliporudi alinikuta nimekivaa. Hakunipiga. Alisema, "Umevaa nguo ya mtu tusiyejua kama yu hai. Ukiulizwa, sema ulivyoipata, usiongeze neno." Kisha akaenda kutafuta chakula cha kuziba pengo la wale samaki.

Kweli niliiga urembo wote nilioujua. Nilikichemsha kisutu kwa maji ya majivu, nikakianika juani mpaka harufu ya moshi ikatoka. Nilisugua meno kwa kijiti, nikasugua visigino kwa jiwe la mtoni. Nikajipaka nyonyo kidogo tu, nyuma ya masikio na kwenye mikono, pasipoonekana kwa mbali. Nikaenda kuchota maji.

Nilipofika mtoni maneno yakakoma. Wanawake walikuwa wanazungumza, nikawasikia kabla sijawaona, lakini nilipotokea kila mmoja akainamia chungu chake. Mimi mpumbavu nikadhani ni kwa sababu nimependeza.

Mmoja tu hakuinama. Alikuwa Mama Siwema, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Siwema alikuwa binti yake, ameolewa muda mfupi kabla ya vita upande wa ng'ambo. Vita vilipoanza mumewe aliuawa, na Siwema hakuonekana tena. Mama yake alikuwa amekwisha kumlilia, lakini hakuwa amemfanyia matanga, kwa sababu hakuna aliyeleta habari. Basi Mama Siwema alinitazama kutoka miguuni mpaka kifuani, akatabasamu.

"Tabu, mwanangu, umependeza," alisema. "Ila nywele hazijafuata nguo. Njoo jioni nikusuke."

Nilifurahi, maana alikuwa fundi wa nywele. Nilikwenda jua likiwa bado juu kidogo. Akaniketisha chini katikati ya magoti yake, akanipaka mafuta kichwani, akaanza kugawa nywele kwa kijiti. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Tulizungumza habari za mpunga, za kiboko aliyeharibu shamba la fulani. Kisha nikahisi ameshika upindo wa kisutu begani kwangu. Alikipapasa, akafika kwenye kiraka, akatulia hapo.

"Hiki umekipata wapi?" akauliza, sauti ileile ya habari za mpunga.

Sikiliza hapa, mwanangu, maana hapa ndipo nilipoharibu. Neno la Shangazi lilikuwa bado masikioni. Ningeweza kusema, nilikipata kwa mchuuzi, kwa kapu la kambare. Ni maneno machache. Lakini niliona aibu. Sikutaka nijulikane kuwa nimevaa nguo iliyovaliwa na mtu na kununuliwa kwa samaki niliowaiba jikoni kwetu. Nilitaka nionekane msichana anayeletewa vitu. Nilikuwa na mchumba, Mponda, mvuvi, kijana mtaratibu ambaye alikuwa bado hajaniletea chochote kwa sababu hakuwa na chochote.

Nikasema, "Nimeletewa na Mponda. Alikuja nacho alipotoka Mahenge."

Vidole vikakaza nywele mpaka macho yakanitoka machozi. "Unaniumiza, mama," nikasema.

"Urembo una maumivu yake," akajibu. Akanisuka mpaka mwisho, msuko mzuri kuliko wote niliowahi kusukwa. 

Inakubidi ujue habari za Mponda ili uelewe nilifanya nini. Wakati wa vita askari walimkamata wakamfunga kamba ya shingo, wakambebesha mizigo mpaka Mahenge. Wenzake waliokamatwa naye hawakurudi. Yeye alirudi. Hakuwahi kueleza vizuri alivyookoka, na watu walikuwa wakijiuliza. Walimwazima nyavu huku wakimtazama kwa pembeni. Sasa mimi, mchumba wake, kwa mdomo wangu, nikawa nimesema amerudi kutoka huko na kisutu cha Siwema, ambacho mama yake alikuwa amekitambua kwa kile kiraka.

Kesho yake asubuhi nilisikia shoka. Nikatoka nje nikawaona wanaume watano, mmoja ni kaka yake Mama Siwema, yaani mjomba wa Siwema, wanapasua mtumbwi wa Mponda ufukweni. Yeye walikuwa wamemfunga mikono kwenye nguzo ya ghala la mjomba huyo. Mama Siwema alisimama mbele yake, anamuuliza jambo lilelile tena na tena.

"Umemfukia wapi? Niambie tu nikamchukue. Umemfukia wapi?"

"Mama, mimi sijamwona Siwema," Mponda anasema. "Sijui unasema nini."

"Nguo yake umempa nani?"

"Nguo gani?"

Walidhani anajifanya. Jumbe hawakumwambia, kwa sababu Jumbe aliwekwa na Wajerumani na hakuna aliyemwamini, tena yeye naye alikuwa akituma watu wa kutuchungulia. Wazee wakakubaliana wenyewe kwamba Mponda atanyweshwa mwavi, ile dawa chungu ya gome la mti. Waliamini asiye na hatia ataitapika, mwenye hatia itamuua. Mponda alikuwa mifupa mitupu, njaa ilikuwa imemmaliza kama sisi wote. Hata mimi niliyekuwa mjinga nilijua mwili ule usingestahimili.

Nilikaa ndani. Nadhani ungependa nikuambie nilikimbilia pale mara moja nikasema kweli. Sikukimbilia. Nilijiambia wataona wenyewe kwamba hana kosa. Nilijiambia nikisema nitapigwa, nitachekwa. Nilikaa hivyo asubuhi nzima. Shangazi aliingia, akaketi kwenye kigoda, akanitazama.

"Mponda alikupa nguo ile?" akauliza.

Nikainama nikaanza kukunja upindo wa kisutu.

"Mimi nilikuwapo yule mtu alipofungua furushi," akasema. "Naweza kwenda kusema sasa hivi. Lakini uongo ni wako, na watu hawatanisikiliza mimi ilhali wewe mwenye nguo umesema jingine. Inuka."

Niliinuka. Nilikwenda na kisutu mkononi, nimejifunga lile gome langu la zamani. Watu walikuwa wengi. Nilisema yote mbele yao: mchuuzi, kambare, aibu yangu, uongo wangu. Nilipomaliza nilitegemea watamfungua Mponda. Badala yake mjomba wa Siwema akacheka.

"Wamekufundisha useme hivyo," akasema. "Jana amekupa mchumba, leo amekupa mchuuzi. Kesho utasema umekiokota mtoni."

Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote, mwanangu. Niliposema uongo waliniamini palepale. Niliposema kweli wakaniona mwongo. Nikamtazama Mponda, naye alikuwa ananitazama mimi, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayejaribu kunitambua.

Shangazi ndiye aliyenisaidia. Alisimama akasema yeye alikinusa kile kisutu, akamuuliza mchuuzi, na mchuuzi akageuza uso akasema mwenyewe yuko milimani. "Kama mnataka kumuua kijana wa watu, mwavi utakuwapo hata wiki ijayo," akasema. "Mama Siwema, wewe unataka kisasi au unataka mtoto?"

Mama Siwema akakitazama kisutu mkononi mwangu. Kisha akasema tutakwenda kutazama. Mponda akabaki amefungwa, mlinzi juu yake.

Tulikwenda watu wanne: Mama Siwema, kaka yake, Shangazi na mimi. Ilikuwa mwendo wa siku mbili, chini ya milima, kuvuka vijito visivyo na hesabu. Mjomba alitembea nyuma yangu njia nzima ili nisitoroke. Mama Siwema hakuzungumza nami. Nilimshuku naye, nikadhani pengine wanakwenda kunitupa porini. Ndivyo tulivyokuwa.

Karibu na Mbingu tulimkuta mchuuzi kwenye nyumba moja. Alipotuona wanne, mmoja wetu mwanamume mwenye fimbo, akaacha furushi akakimbia. Mjomba akasema, "Mnaona? Mwizi." Lakini mwenye nyumba, mwanamke mzee, akatuambia huyo hukimbia kila mtu, kwa sababu askari walikwisha kumpora mara mbili. Shangazi akamwonyesha kisutu. Yule mzee akakishika, akaelekeza kidevu chake upande wa bondeni.

"Yule binti anayetwanga pale," akasema.

Palikuwa na mwanamke anatwanga ulezi nje ya kibanda. Alikuwa amenyoa kichwa, amevaa gome, mabega yamechomoza. Mama Siwema alisimama kama mtu aliyepigwa. Akaita jina mara moja tu. Yule mwanamke akainua kichwa, akatuona, akauacha mchi akaanza kurudi nyuma kuelekea msituni.

"Siwema!" mama yake akaita tena.

"Nani amekuleta?" Siwema akauliza kwa mbali. "Mmekuja na nani?"

"Hakuna mtu. Ni mimi na mjomba wako."

"Mama yangu alikufa. Niliambiwa kijiji chote kiliungua na watu wakaisha."

Ilimbidi mama yake amtajie jina alilomwita utotoni, na mahali alipoungua na uji, ndipo akakaribia hatua kwa hatua, anatazama nyuma yetu kama kuna askari wamejificha. Alipofika alimshika mama yake usoni kwa mikono yenye unga. Sisi wengine tuligeuka tukatazama kwingine.

Baadaye, tulipokwisha kumweleza Siwema habari yote, Mama Siwema alichukua kile kisutu mkononi mwangu, akakikunjua, akataka kumvisha binti yake. Siwema akakisukuma taratibu.

"Hicho nilishakila, mama," akasema. "Nilimpa yule mtu akanipa ulezi. Nimekula wiki tatu. Kama si hicho usingenikuta. Mwachie huyu msichana, ametoa samaki wake."

Sikukichukua. Nilikiacha kwa mwanamke mzee aliyetuelekeza.

Tuliporudi Mponda alifunguliwa. Mama Siwema alimpigia magoti akamwomba radhi, na alimwomba kweli, mchana, mbele ya watu. Mjomba hakuomba, lakini yeye na baba yangu walichonga mtumbwi mpya wakampa. Mimi nilimwendea mtoni siku alipokuwa anaujaribu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini yeye akanitangulia.

"Tabu," akasema, "kama ulitaka nguo ungeniambia. Ningetafuta. Sikujua unaitaka."

"Nilikosa," nikasema.

"Najua." Alikuwa anatazama kafi, hanitazami mimi. "Nilipokuwa Mahenge na kamba shingoni nilikuwa nasema, nikirudi yupo mtu mmoja ambaye hatanishuku."

Akapanda, akapiga kafi, akateremka na mto. Nilisikia alioa mbali, huko mito inakokutana, akapata watoto. Mimi nami niliolewa na babu yako, mtu mwema, na hili nalieleza ulijue. Sikulisema kwake mpaka tulipokuwa na watoto wanne.

Sasa, mwanangu, siku hizi nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya zinaletwa kwa marobota, mnaziita kafa ulaya, na mnapendeza nazo. Sikukatazi. Vaa. Ila ukinunua nguo iliyotumika, itazame kwapani, kwenye pindo na kwenye mshono wa ndani, kwa sababu hapo ndipo inapoonyesha ilivyoishi. Ichemshe, hata kama muuzaji anaapa ni safi, na hasa kama anaapa. Ianike juani kutwa. Muuzaji asiyekutazama machoni ukimuuliza swali jepesi, muulize la pili, lakini usimhukumu haraka, pengine yeye naye anaogopa. Sisi tulimwita mwizi mtu aliyempa Siwema ulezi.

Ukiulizwa umeipata wapi, sema. Sema niliinunua sokoni, imevaliwa, ni ya bei ndogo. Utaona haya kidogo, kisha haya itapita, na utabaki umependeza vilevile. Usilitumie jina la mtu kujipamba. Usiseme nimeletewa na fulani kama hakukuletea, hata kwa mzaha, hata kwa shoga yako anayekusuka, kwa sababu hujui yeye anatafuta nini kwenye upindo wa nguo yako, wala hujui huyo uliyemtaja watu wanamtazamaje. Na kama uongo umekwisha kutoka, usikae ndani asubuhi nzima kama nilivyokaa mimi. Kila saa uliyonyamaza itakuwa kazi zaidi ya kuaminiwa.

Meno yasugue kila siku, visigino visikauke, mafuta paka kidogo yakuenee. Uso wako Mungu ameutengeneza vizuri, hauhitaji mengi.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akuvike heshima, akupe mume au rafiki asiyekushuku na ambaye nawe humshuku. Akujalie ulimi mwepesi kwenye kweli na mzito kwenye majina ya watu. Uzeeke na meno yako yote, na watoto wako wakuamini unapowaambia jambo. Mimi nimekubariki kwa mikono hii yote miwili.